Saa Tatu na Nusu

Asubuhi ile Dada alipoondoka, Kitinda alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni na tiketi mapajani, anapiga hesabu. Tiketi yenyewe ilikuwa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, zimeanza kulegea kwa kushikwashikwa na kila aliyekuja kuaga. Ndege inaondoka saa nne kamili asubuhi. Inatua kule saa saba na nusu mchana, siku hiyohiyo. Kitinda alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na alama yake ya hesabu ilikuwa kitu ambacho mama hakuacha kukitaja mbele za watu, hata wasiouliza. Kwa hiyo mama alipopaza sauti kutoka chumbani, "Ni mwendo wa saa ngapi huko?" alijibu bila kuinua kichwa.

"Saa tatu na nusu."

Mama akatokea mlangoni na shuka aliyokuwa akiikunja. "Tatu na nusu? Umehesabu vizuri wewe?"

"Toa nne kwenye saba na nusu, mama. Hata mtoto wa chekechea anaweza."

"Toba!" Mama aliketi kwenye ukingo wa meza, shuka nusu begani nusu sakafuni. "Basi la kwenda kwa shangazi yenu linachukua saa tano, na tunakwenda na kurudi bila hata kuagana. Kumbe ni pua na mdomo! Na mimi wiki nzima nalia kama nimefiwa, mnaniangalia tu."

Watoto wake walikuwa wawili. Mkubwa alimwita Kifungua, mdogo alimwita Kitinda, aliyemfungua tumbo na aliyelifunga, na majina hayo yaliwaganda mpaka walimu wakayatumia. Kifungua alikuwa fundi wa meno ya bandia. Alikuwa amepata kazi katika karakana kubwa ya meno ng'ambo, na asubuhi ile alikuwa amepiga magoti sebuleni akilifunga sanduku kwa kamba kwa sababu zipu ilikuwa imeshaaga dunia. Alisikia kila neno. Kitinda analikumbuka hilo vizuri. Dada aliiacha kamba, akamtazama yeye, akamtazama mama aliyekuwa anacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kisha akaishika kamba tena.

"Umesikia, mama?" alisema. "Ni hapo tu."

Mama hakulia uwanjani. Walinzi walipomzuia asipite zaidi, aliwaambia kwa sauti kwamba haina neno, mwanawe anakwenda hapo tu, atafika kabla hawajala cha mchana. Wakacheka naye.

Tangu hapo saa tatu na nusu ikawa kitu cha nyumbani, kama kiti au sufuria. Mama aliwaambia majirani, akamwambia mganga wa zahanati, akamwambia mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Dada alipiga simu kila Jumapili. Huku kulikuwa kumeshaanza giza, na Dada alisema ndiyo kwanza anakula cha mchana.

"Cha mchana saa hizi?" mama alishangaa. "Watakuua hao na kazi. Kula kwa wakati, mwanangu."

"Nitajitahidi, mama."

"Na uje. Saa tatu na nusu, hata mgeni wa harusi haiiti safari."

"Mwakani, mama."

Mwakani ikapita. Na Kitinda, mwenye alama yake ya hesabu, hakuwahi kujiuliza kwa nini dada yake anakula cha mchana magharibi.

Mwaka wa pili Kitinda alipata kazi kwenye dobi la uwanja wa ndege. Lilikuwa banda refu la mabati nyuma ya maghala ya mizigo, lenye mashine kumi na mbili za kufulia, sita za kukaushia, na mvuke uliokuwa ukidondoka kutoka darini kama mvua ya uongo. Blanketi za abiria ziliteremshwa kutoka kwenye ndege, zikapakiwa kwenye magunia, kila gunia na lebo yake. Lebo ya njano ilikuwa ya safari fupi, chini ya saa tano. Hizo hukaguliwa mezani, yenye doa inafuliwa, nyingine zinakunjwa na kurudishwa zilikotoka. Lebo nyekundu ilikuwa ya saa tano kwenda juu, na hizo hufuliwa zote, ziwe na doa zisiwe nalo. Msimamizi, ambaye kila mtu alimwita Mzee Pasi kwa jinsi suruali yake ilivyonyooka, alieleza sheria hiyo kwa kifupi: mtu akilala na blanketi saa tano, ameshaiachia kila alichokuwa nacho.

Wiki ya pili lilikuja gunia lenye jina la mji wa Dada. Lilikuwa na lebo nyekundu. Kitinda aliliburuta mpaka meza ya kukunjia, akaanza kuibandua lebo kwa ukucha.

"We binti!" Mama Pacha alikuwa mwanamke mnene aliyefanya kazi hapo miaka tisa na hakuna kilichompita. "Unataka tumwage unga sote leo? Rudisha hiyo lebo."

"Imekosewa. Hii ndege ni ya saa tatu na nusu."

"Kakwambia nani?"

"Dada yangu yuko huko. Tiketi niliiona kwa macho yangu."

"Huyo dada yako alipanda roketi?"

Banda zima lilicheka. Mzee Pasi akaja na daftari lake chini ya kwapa kuona kulikoni. Hakucheka. Alimpeleka Kitinda ofisini kwake, ambako ukutani kulikuwa na saa tatu zinazoonyesha nyakati tofauti, akamwonyesha ya katikati.

"Hiyo ndiyo ya kwao. Wako nyuma yetu saa tano. Wewe ukiondoka hapa saa nne asubuhi, wao bado ni saa kumi na moja alfajiri, wamelala. Tiketi inaandika saa ya huku unapoondoka, na saa ya kule unapofika. Ulizitoa kama saa za mji mmoja." Akafungua daftari. "Kilomita elfu sita na mia tisa. Angani saa nane na nusu. Kurudi wanasukumwa na upepo, saa nane kamili."

Kitinda alisimama pale akiwa na lebo imeng'ang'ania kidole. Jambo la kwanza lililomjia halikuwa ndege. Lilikuwa uso wa Dada, siku ile sebuleni, na kamba mkononi. Dada alikuwa ameshazungumza na wale watu wa karakana kwa simu zaidi ya mara kumi kabla ya kupata ile kazi, na mara zote alikuwa akisubiri mpaka jioni ili awakute kazini. Alijua.

Kuanzia siku hiyo dobini aliitwa Roketi.

Alirudi nyumbani amekata shauri kumwambia mama. Akamkuta uani na jirani, wamekaa kwenye vigoda, mama anaeleza kwamba wapo watu wana watoto mji uleule na hawawaoni mwaka mzima, lakini yeye wa kwake yuko saa tatu na nusu tu. Kitinda aliingia ndani, akavua viatu. Akasema moyoni atamwambia kesho. Kesho ikaja na mambo yake.

Hiyo ndiyo sababu aliyojipa, na mwanzoni ilikuwa ya kweli. Baadaye ilipata mwenzake. Maana ni Kitinda aliyekuwa akimpeleka mama zahanati, ni Kitinda aliyeokota bati lililong'olewa na upepo, ni Kitinda aliyechemsha maji ya kuoga kila alfajiri kabla ya zamu. Na kila Jumapili mama aliongea na simu kama anaongea na malkia. Ila kila mwaka Dada alipokosa kuja, mama alikata simu, kisha akasema, "Na ni saa tatu na nusu tu." Hakusema kwa hasira. Lakini Kitinda aliisikia ile sentensi ikimwelemea Dada, kidogokidogo, mwaka hadi mwaka, na hakuona haraka ya kuiondoa.

Mwaka wa tatu Dada alimtengenezea mama meno. Kitinda alimpeleka mama kwa daktari wa meno, mama akauma donge la udongo wa waridi wa kuchukulia alama ya ufizi, likapakiwa kwenye boksi na pamba, likasafiri. Baada ya wiki tano meno yalirudi, ya juu na ya chini, madogo na ya rangi ya maziwa yaliyokaa, si meupe ya kujionyesha. Yalimkaa mama kama aliyezaliwa nayo. "Meno ya Kifungua," alikuwa akisema, na kuyagonga kwa ukucha ili watu wayasikie.

Mwaka wa sita yakaanza kulegea.

"Yamepanuka," mama alilalamika. Akiongea yalikuwa yakigongana, akicheka aliyashika kwa mkono.

"Meno hayapanuki, mama."

"Basi nini? Mdomo umepungua?"

Alitania, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mdomo ulikuwa umepungua, na mashavu, na mikono. Chakula alikuwa anakizungusha kwenye sahani. Hospitali walimpiga picha mara mbili, na daktari, kijana aliyekuwa anaongea taratibu kama anayesomea mtu barua, akawaambia kuna uvimbe kwenye utumbo.

"Bado uko pahali pamoja," alisema. "Tukiutoa sasa tuna nafasi nzuri. Nawaandikia katikati ya mwezi wa kwanza. Msiikose hiyo tarehe."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mkoba wake ameukumbatia. Walipotoka nje alisema, "Kifungua lazima aje."

"Mama, upasuaji haungoji mtu."

"Kitinda, nisikilize. Baba yako alipoingia chumba kile cha upasuaji, mlangoni nilikuwa mimi peke yangu. Nyie mlikuwa shule. Aligeuka kuwatafuta. Nilimwona akigeuka. Hakutoka tena. Mimi siingii mpaka niwaone nyote wawili mmesimama pale mlangoni. Siombi mwezi. Naomba siku moja. Aondoke asubuhi, mchana yupo hapa, nifanyiwe, kesho arudi kwenye meno yake. Saa tatu na nusu! Nadeka hapo?"

"Hudeki, mama."

"Basi mpigie."

Kitinda alipiga simu siku ya pili akiwa dobini, amesimama nyuma ya mashine za kukaushia ambako hakuna aliyeweza kumsikia. Dada alilia kwanza. Kisha akajikaza, akaeleza. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa ofisi ya uhamiaji ya kule tangu mwaka jana. Akitoka kabla hayajakamilika, mlango wa kurudi unafungwa, na kazi imekwenda.

"Mwambie aingie bila mimi," Dada alisema. "Nakuomba, mdogo wangu. Mwambie ni mbali. Mwambie ukweli, ni saa nane, ni siku nzima, siwezi kuja na kurudi kama nakwenda sokoni. Akijua ni mbali ataelewa."

"Kumbe unajua ni saa nane."

"Najua, ndiyo."

"Siku ile ulijua," Kitinda alisema.

"Alikuwa anacheka. Ulitaka nimwambie nini?"

"Haya, basi mwambie wewe sasa. Simu unayo."

"Mimi nikimwambia ataona natafuta sababu. Wewe ndiye uliyepiga ile hesabu, wewe ndiye anakuamini. Tafadhali."

Mashine zilikuwa zinanguruma mgongoni kwake. Kitinda alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Neno lilikuwa fupi na lilikuwa mdomoni. Lakini alikumbuka Jumapili zote zile, na ile sauti ya mama ya kuongea na malkia, na kijiba kilichokuwa kimemkaa rohoni miaka yote kikapanda juu.

"Mama anasema ni saa tatu na nusu," alijibu. "Na wewe ulisema ni hapo tu."

Akakata simu, akarudi mezani. Mama Pacha akamwangalia. "Roketi, kuna mtu amekukata maini?"

"Hakuna."

"Haya. Hizo nyekundu zinakungoja."

Mwezi wa kwanza ukapita. Daktari alikunja uso, akaandika tarehe nyingine, mwanzo wa mwezi wa tatu. Dada akasema makaratasi yanakaribia, wiki mbili tatu. Mama akasema atangoja, wiki mbili si kitu. Alikuwa sasa anayaweka meno kwenye kikombe mchana kutwa na kuyavaa Jumapili tu, ili aongee na simu vizuri. Kitinda alimsihi aingie. Alimsihi kweli, hilo hakuna atakayemnyang'anya. Alipiga magoti mara moja pembeni ya kitanda, akamleta shangazi naye amsihi, akamwomba daktari atumie maneno makali. Alisema kila kitu isipokuwa kile kimoja. Kila alipotaka kukisema aliona kwamba sasa angelazimika kusema pia tangu lini amekijua, na miaka minne haikuwa kitu cha kutema juujuu.

Mwezi wa tatu nao ukapita.

Katikati ya mwezi wa nne makaratasi ya Dada yakatoka. Tarehe ya tatu ya upasuaji ilikuwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi. Dada alituma picha ya tiketi kwenye simu ya Kitinda. Mama aliomba aishike mwenyewe. Alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Anaondoka Jumatano saa kumi jioni," alisoma. "Anafika Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri. Alfajiri ipi?"

"Hiyohiyo ya Alhamisi, mama. Atawahi."

Mama alikuwa anahesabu kwa vidole, mdomo unatikisika bila sauti. Alipomaliza mkono wa kushoto alihamia wa kulia, kisha akarudi tena kwenye wa kushoto.

"Kumi na tatu," alisema. "Kitinda. Kwenda saa tatu na nusu, kurudi saa kumi na tatu? Hiyo ndege inarudi kinyumenyume?"

Kitinda alinyoosha mkono achukue simu.

"Au kachagua ile inayozunguka." Sauti ya mama ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imekuwa nyembamba. "Ipo ya saa tatu na nusu, yeye kachukua ya saa kumi na tatu. Mimi nimekaa hapa tangu mwezi wa kwanza naoza, na mwanangu bado ana wakati wa kuzunguka. Ndivyo nilivyomlea?"

Hayo ndiyo maneno ambayo Kitinda alikuwa ameyangoja kwa miaka, na sasa yamekuja, yakiwa yamenyooka hivyo, mdomoni mwa mama aliyebaki mifupa na macho. Hakuweza kuyavumilia hata dakika moja.

"Mama, hakuna ya saa tatu na nusu," alisema.

Akaeleza. Akachukua saa ya ukutani na saa yake ya mkononi, moja akaiweka mbele, nyingine nyuma saa tano, akazipanga juu ya shuka. Kwenda saa nane na nusu. Kurudi saa nane. Kilomita elfu sita na mia tisa. Mama alifuata kwa macho, kutoka saa hii hadi ile.

"Yeye alijua?"

"Alijua."

"Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

"Miaka minne."

"Ndiyo, mama."

Mama alizisukuma zile saa zikateleza hadi ukingoni mwa kitanda. Alivua miwani, akaikunja. "Ningejua ni mbali hivyo," alisema, "ningeingia mwezi wa kwanza." Hakupandisha sauti. "Mtu wa saa tatu na nusu unamngoja. Mtu wa mbali humngoji, unamwombea tu. Ningewaambia haya, nipelekeni."

"Nilikuwa nataka kukwambia, mama."

"Nenda kapike."

Dada alifika Alhamisi ile kama tiketi ilivyosema, amevaa koti la baridi ambalo hakujua pa kuliweka. Saa mbili na nusu walikuwa wote wawili wamesimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Muuguzi alikuwa amekwisha kuyatoa meno ya mama na kumpa Dada, na Dada alikuwa anayageuzageuza kiganjani kwa namna ya fundi, akipima kwa kidole pale yalipoachana na ufizi, machozi yanamdondoka juu ya mkono. Mama alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu. Alimtazama Kifungua, akainua mkono akamshika kidevu. Alimtazama Kitinda. Kisha akamwambia muuguzi, "Twende."

Madaktari hawakukaa sana huko ndani. Dada na Kitinda walikuwa wameambiwa upasuaji utachukua saa nne, lakini daktari alitoka baada ya dakika arobaini, ameshavua glavu. Walifungua, alisema, wakaona, wakafunga. Uvimbe ulikuwa umeshatembea. Ini lote. Dada akauliza ingekuwaje kama wangekuja mapema. Daktari aliangalia viatu vyake na kusema kwamba mwezi wa kwanza uvimbe ulikuwa bado pahali pamoja.

Nje ya wodi kulikuwa na bomba ambapo ndugu wa wagonjwa walikuwa wakiosha vyombo. Hapo ndipo Dada alipomgeukia.

"Nilikuomba," alisema. "Nilikwambia mwambie ni mbali."

"Na mimi nilikwambia mwambie mwenyewe."

"Wewe ndiye uliyekuwa naye! Unalala naye chumba kimoja, unamwogesha, neno moja tu likakushinda?"

"Neno lenyewe la nani? Nani alisema ni hapo tu?"

"Nani alipiga hesabu?"

"Nilikuwa mtoto. Sikujua. Wewe ulijua."

"Na baadaye ulipojua?" Dada alikuwa anamwangalia kwa namna ambayo Kitinda hakuwahi kuiona, si ya hasira, ya mtu anayesoma. "Hukuwa umesahau, Kitinda. Ulikuwa unaniwekea hilo linielemee."

Mama mmoja aliyekuwa anasugua sufuria aliacha kusugua. Ilikuwa kweli, na Kitinda alijua. Alifungua bomba, akanawa mikono iliyokuwa safi.

Dada alikaa siku kumi. Mama alirudishwa nyumbani, na katika siku hizo alikuwa mpole kwake kupita kiasi. Alimtaka akae karibu. Alimuuliza kila mara, "Sasa hivi kule ni saa ngapi?" na Dada alimwambia, na mama alitikisa kichwa kana kwamba ameonyeshwa picha. "Maskini mwanangu," alisema, "umetoka mbali." Kwake Dada alikuwa ameshasamehewa, na kilichomsamehe ni zile kilomita.

Kitinda hakuwa na kilomita. Alikuwa chumba kilekile, hatua nne kutoka kitandani. Kwake mama alizungumza juu ya maji, beseni, dawa, dirisha lifungwe, dirisha lifunguliwe. Hakumgombeza. Alimshukuru kwa kila kitu, ahsante, ahsante, kama unavyomshukuru muuguzi wa zamu. Kitinda angelipenda atukanwe.

Siku ya kumi na moja Dada aliondoka, likizo ilikuwa imekwisha. Mama alikata kauli siku ya kumi na sita, mchana, Kitinda akiwa anamwekea mto, na baada ya jua kutua hakuwepo tena. Maneno yake ya mwisho kwa Kitinda yalikuwa "inua kidogo."

Dada hakuja mazishini. Alipiga simu asubuhi ya siku ile, na Kitinda aliacha simu iite mpaka ikanyamaza, kisha akampa shangazi aipokee itakapoita tena. Dobini walimpa siku tano. Aliporudi hakuna aliyemwita Roketi. Mama Pacha alikuwa amemwekea kiti karibu na dirisha, na siku nzima hakutania.

Sasa ni mwezi wa tisa. Kaburi limejengwa kwa saruji, na fundi ameacha nafasi ya maneno upande wa kichwani, mraba wa kiasi cha kitabu cha shule kikiwa wazi. Dada alituma ujumbe mwezi wa saba wenye maneno anayotaka yaandikwe, mistari mitatu. Kitinda aliusoma, na hajaujibu. Fundi amepita mara mbili kuuliza. Amesema mvua zikianza hataweza kupaka hapo saruji mbichi ya kuchonga, na maneno yatabidi yaandikwe kwa rangi.